Fundi Taa Aliyetuchelewesha Miaka Ishirini na Minane

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na minane kazini, fundi taa wa studio yetu anastaafu. Wageni humwita Mzee. Sisi tunamwita Bado, kwa sababu ndilo jibu alilotupa kila tulipomuuliza kama tuko tayari.

Kwa wasioijua kazi yetu, tunachukua michoro maarufu ya karne zilizopita na kuiigiza upya mbele ya kamera, kwa watu wa leo. Mimi ndiye mpiga picha. Bado ndiye aliyeniotesha mvi. Aliwahi kuwasimamisha malaika watatu juu ya ngazi saa nne nzima akitafuta kivuli cha bawa moja. Malaika mmoja alikuwa dereva wetu. Hajamsamehe mpaka leo. Aliwahi pia kukata pazia jipya la meneja, eti wekundu wake ndio wenyewe.

Halafu kuna ile siku ya sinia. Tulikuwa tunaigiza mchoro wa bibi tajiri aliyeketi, na nyuma yake, gizani, mtumishi mweusi ameshika sinia la matunda. Mtumishi alikuwa mshonaji wetu. Niliposema tunapiga, Bado akageuza taa kubwa, akamwacha bibi kizani na kumwangaza mshonaji.

"Bado, unaniharibia picha!" nilifoka.

"Huyu kashika sinia tangu asubuhi," akasema. "Hata uso wake tusiuone?"

Nilitoka nikabamiza mlango. Niliporudi, mshonaji alikuwa ameinua kidevu, anaitazama kamera moja kwa moja. Nilipiga mara moja tu. Ndiyo picha iliyotuletea tuzo, na ndiyo ambayo mama yake mshonaji alisimama mbele yake kwenye ukumbi wa maonyesho mpaka walinzi wakaja kufunga. Nilizidi kuudhika: wiki mbili nzima nilikuwa nimeukodolea macho ule mchoro nisimwone yule mtumishi.

Sasa Bado anaondoka bila kutuandikia swichi ipi ni ya taa ipi. Tumemsihi mwezi mzima; anasema tutazoea. Jana mkewe alitupigia simu kuuliza kama hatuwezi kumbakiza walau hadi mwisho wa mwaka.

Shemeji, pole, barua imeshatiwa saini. Na wewe Bado wetu, ahsante. Bila wewe tungepiga picha mara tatu ya hizi, na nyingi zingeishia kabatini. Ustaafu wako uwe mrefu, wenye afya na vicheko. Sisi huku tutakukumbuka kwa hasira na mapenzi.