Historia ya Mzee Popo, Msafisha Picha, na Weusi wa Pembeni

Ndugu waombolezaji, wale wanaonong'ona tangu asubuhi kwamba picha iliyo juu ya jeneza imeungua pembeni wanivumilie kidogo, maana habari yake imo humu na tutaifikia.

Kaka yetu, ambaye nyote mlimwita Mzee Popo kwa kushinda katika chumba cha giza cha kusafishia picha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia 1959 hadi 1965, akatoka na cheti, pamoja na kovu chini ya jicho la kushoto, alilolipata kwa kuanguka ukutani akichungulia walimu wakipigwa picha.

Mwaka 1968 alianza kujifunza kusafisha picha, na tarehe 2 Mei 1977 akafungua studio yake mkabala na posta, ambako hakuna aliyemfikia, hata wa ng'ambo, kwani dawa ya kusafishia iliyochoka aliijua kwa kunusa tu, na chini ya taa ya mashine ya kukuzia picha aliukinga kwa kiganja uso wa mteja ulioangukia karatasi, akihesabu kimoyomoyo, mpaka weusi wa mtu utoke na mng'ao wake, si kama masizi ya sufuria. Simu zilipoingia mkamcheka, mkamwambia atoke shimoni, siku hizi ni kubonyeza tu, naye akawajibu kwamba kudonoa hata kuku anaweza. Haya, picha za simu za harusi zenu ziko wapi leo, na za Popo si ndizo zimetundikwa sebuleni kwenu?

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1979 na shemeji yetu huyu, aliyefuata picha ya pasipoti akaambiwa mara tatu kwamba haijakauka, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, ndiye aliyerithi mikono.

Mapafu yalianza kumsumbua Novemba 2022, akatibiwa hospitali ya wilaya, akafariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa ameacha ombi moja tu, kwamba picha ya jeneza lake isafishwe kwa mkono na kovu lake lionekane.

Wapwa zake wakaleta ya simu, mashavu laini kama ya kichanga, kovu limefutwa, wakasema mjomba kapendeza. Kapendeza nani? Yule hatumjui! Binti akasema negativu, ile filamu ya picha ya baba yake, anayo, na karatasi za kusafishia zimebaki boksi moja la mwisho, ndipo mtu mmoja mwenye kimbelembele akalifungua uani, jua la saa sita, kuhakikisha kama zimo, akazikuta nyeupe safi, akalifunga kwa majivuno. Mtu huyo, aliyezeeka akipita mlango wa chumba cha giza, ni mimi mdogo wake ninayesoma.

Kumbe karatasi hizo zikiona mwanga huungua, na zilipotiwa dawani zikageuka nyeusi tii, moja baada ya nyingine, binti akilia, mpaka akafikia za katikati ya boksi, zilizopigwa na jua ukingoni tu, na moja ikakubali. Kwa hiyo weusi wa pembeni ni wangu, nilaumuni mimi, lakini uso ni wake, na kovu lipo.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na mafundi wenzake waliochangia dawa. Kaka, lala kwa amani, na wewe uliyekuja na simu, iweke mfukoni, uje umtazame kwa macho.