Enid Tordoff, Aliyeogopa Kukaribishwa Chai

Miaka arobaini na miwili kasoro wiki tatu, ndiyo aliyotufanyia kazi Enid Tordoff hapa jimbo la Ossgill, na Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba 2024, saa kumi na moja jioni, anarudisha ufunguo wa ofisi. Hizo wiki tatu msiniulize. Kazihesabu mwenyewe na kanikataza nisiziongeze. Nimeombwa mimi niandike maneno haya, niyasome kwenye hafla ya kumuaga kisha yachapwe, kwa sababu ndimi niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote, na ndiye mwenye mdomo mkubwa kuliko wote katika mabonde haya matatu. Shule niliacha nina miaka kumi na tano nikaingia shimoni kuchimba makaa, kwa hiyo mkikuta kosa hapa, mjue ni la mpiga chapa.

Kazi yake ilikuwa wakala wa chama. Wabunge wanakuja na kuondoka, wengine hata hawajui choo cha ofisi kiko wapi. Wakala ndiye anayebaki, anayepanga nani abishe mlango gani, nani apeleke makaratasi mtaa gani, nani akamchukue bibi kizee aliyesahau kuwa leo ni siku ya kura. Enid kahudumia wabunge wanne. Mmoja alikuwa mzuri.

Babu yangu alinieleza kwamba zamani jimbo hili lilikuwa la chama cha Wanjano, kwa vile mwenye kiwanda cha sufu alikuwa Mnjano, na siku ya kura alikuwa anasimama getini na saa yake ya mfukoni akiwatazama wafanyakazi wake wanavyotoka kwenda kupiga. Halafu wachimbaji wakazinduka, wakalifanya jekundu, rangi ya chama chetu, likakaa jekundu miaka themanini na minne. Tulikuwa na hakika kiasi kwamba ungeivalisha ndoo ya makaa utepe mwekundu ingekwenda London kuwa mbunge. Kuna miaka nadhani tulifanya hivyo.

Enid aliingia Jumatatu moja ya Oktoba 1982, binti wa miaka ishirini na minne, kuja kupiga taipu. Mgomo wa wachimbaji ulipoanza, aligeuza ofisi kuwa ghala la viazi vya familia za waliogoma. Mbunge wa wakati ule akaja, akakaa juu ya gunia akidhani ni kochi, akatoa hotuba ya dakika arobaini. Enid akamwambia, "Bwana, ukishamaliza inuka, watu wanataka kupika." Mwaka uliofuata akawa wakala.

Nami nikawa dereva wa gari la spika, lile la matangazo lenye vipaza sauti juu. Sijisifu, lakini nikilia na kipaza sauti pale chini mtoni, kondoo wa kule juu mlimani wanageuka wote pamoja. Enid hajawahi kuisifu sauti yangu hata siku moja. Husema, "Seth, punguza, unawaamsha Wabluu," yaani wapinzani wetu.

Huyu mama hatulii. Mimi sijawahi kumwona amevua koti ofisini, si kiangazi si baridi. Chai anainywa akitembea, ndiyo maana kila kizingiti cha dirisha cha ofisi ile kina alama ya duara la kikombe. Ukikaa naye dakika tano na wewe unaanza kutikisa mguu. Marehemu mke wangu, Nellie, alikuwa akiniambia nikirudi nyumbani, "Umetoka kwa Enid wewe, hebu acha kuzunguka meza."

Sasa, kipaji chake kilikuwa milangoni. Sisi wengine tulikuwa tunauliza, "Utatupigia kura?" mtu anasema ndiyo, tunaandika "wetu" kwenye kadi ya nyumba ile, tunasonga. Enid hakuwa anasikiliza jibu. Alikuwa anasikiliza matusi. Alinifundisha hivi: mtu wa kwetu akikufungulia, anakurukia. Anakupigia kelele kwa mashimo ya barabarani, kwa takataka, kwa paa la halmashauri linalovuja, halafu anafunga mlango kwa kishindo na anakupigia kura. Kwani huwa anamgombeza nani? Anamgombeza wa kwake. Ila akikuchekea, akakwambia, "Ingia mama, mvua hiyo, ngoja nikupe chai," huyo keshakuhama. Anakufanyia adabu ya mgeni.

Basi tufike uchaguzi ule wa Desemba 2019.

Mbunge wetu alikuwa Roland Whitwam, bwana mmoja mnene, mtaratibu, aliyekuwa na kura elfu tisa na mia nne za ziada tangu uchaguzi wa kabla. Wiki ya mwisho akaja mtu kutoka ofisi ya mkoa, na kompyuta yake ya mapajani, akatuambia Ossgill ni salama kabisa, tena hatuna haja ya kuwa hapa. Watu wetu wote kumi na wanne, pamoja na mimi na gari la spika, tuvuke mlima twende kusaidia jimbo jirani, ndilo lenye hatari.

Enid akasema, "Jana nimekaribishwa chai mara kumi na moja."

Yule bwana akacheka. "Si vizuri? Wanakupenda."

"Wangekuwa wananipenda wangenitukana. Mtaa mzima wa Reli hakuna aliyenipigia kelele. Yule Bibi Crabtree wa namba saba, ambaye mwaka juzi alinifukuza na ufagio, jana kaniuliza hali ya goti langu."

"Mama, kompyuta inasema..."

"Kompyuta imewahi kubisha mlango wa Bibi Crabtree?"

Whitwam akawa anamwomba awe mpole. "Enid, usituaibishe mbele ya wakubwa. Jimbo hili ni la kwetu, lilikuwa la kwetu baba yangu hajazaliwa."

"Ndicho wanachokikataa, Roland," akasema. "Kuambiwa ni wa kwetu."

Yule bwana akamwambia waziwazi kwamba akizuia watu ataandikiwa barua ya onyo, na kazi yake itaangaliwa upya. Enid akanijia uani nilikokuwa napasha injini moto, akachomoa ufunguo wa gari, akautumbukiza kwenye mkoba wake. Mnaujua mkoba ule. Kuna vitu viliingia humo mwaka 1991 havijaonekana mpaka leo. "Gari hili haliendi mlimani," akasema. "Haya, Mtaa wa Reli, kila mtu upande wake." Watu wote kumi na wanne wakabaki.

Siku nne hizo hatukulala sawasawa. Alhamisi ya kura mvua ilipiga tangu alfajiri, nasi tukawa tunakimbia mlango kwa mlango, makaratasi yanatoka rangi mikononi, Enid mbele, koti limeloa limekuwa zito kama mtu wa pili. Ananituma Kanisa la Juu, sijafika ananiita nirudi Mtaa wa Tanuri. Kila tulikobisha tunajibiwa vizuri. Ndugu zangu, hakuna kitu kinachotisha kama mtaa mzima kukujibu vizuri.

Kura zetu huhesabiwa Ijumaa mchana, maana masanduku ya vijiji vya juu huchelewa. Zikahesabiwa. Zikahesabiwa tena. Ossgill ikaenda kwa Wabluu kwa tofauti ya kura thelathini na nane.

Whitwam alikaa kwenye kiti cha plastiki akawa anaangalia viatu vyake. Ofisi ya mkoa ikaandika ripoti kwamba wakala alikaidi maagizo, na Enid akapunguziwa kazi, akabakizwa nusu siku. Hakuna aliyeandika kwamba kama tungevuka mlima ule tungeshindwa kwa elfu mbili. Sasa mimi ninaandika. Mpiga chapa asiliondoe hili.

Tulidhani ataacha. Jumatatu iliyofuata, bado wiki moja na siku mbili Krismasi, akachukua daftari akaenda Mtaa wa Reli. Watu wakafungua, wakashangaa.

"Uchaguzi umekwisha, mama! Hukusikia? Mmeshindwa!"

"Nimesikia. Nimekuja mniambie yale mliyonificha."

Namba saba alikwenda mara tatu. Mara mbili za kwanza Bibi Crabtree alimpa biskuti. Mara ya tatu Enid alikataa biskuti, akasema atasimama pale pale kizingitini mpaka asemwe. Bibi Crabtree akavumilia kama dakika sita hivi. Halafu akaanza na basi lililofutwa, akaja kwa kliniki, akaja kwa mwanawe aliyehamia kusini, akamaliza kwa Enid mwenyewe na koti lake. Mtaa wote ukatoka nje kusikiliza. Nasikia ilipendeza kuliko televisheni.

Miaka minne na nusu alifanya hivyo, kwa mshahara wa nusu siku, mvua, theluji, hata wakati ule wa maradhi alipokuwa anasimama bustanini na watu wanampigia kelele kutoka madirishani. Milango elfu sita na kitu. Madaftari kumi na tisa.

Nami leo nitasema jambo nililolikalia muda huo wote, kwa kuwa hafla ni yake na sitaki aondoke tukilijua mimi na yeye tu. Wale thelathini na nane waliotuangusha, mmoja wao alikuwa anaendesha gari la spika. Ndiyo, mimi. Nilipaza sauti siku nne nzima "Pigia Wekundu," nikaingia ndani ya kibanda, nikaweka alama kwa Wabluu.

Ilikuwa kwa ajili ya bwawa la kuogelea. Wenye umri wangu mnalikumbuka. Wachimbaji walilichimba wenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, baba yangu akiwemo na koleo lake. Nellie nilikutana naye pale akiwa amevaa kofia ya mpira, na bado nikampenda. Halmashauri iliyolifunga ikaligeuza uwanja wa kuegesha magari si ya Wabluu. Ni ya kwetu. Mikono iliyonyooshwa kupitisha uamuzi huo ni ya watu niliowabeba kwenye gari langu. Nellie akafa mwezi uleule walipolifunga, na hakuna hata mmoja wao aliyejua nimekasirika, maana sikusema. Mimi, mdomo mkubwa wa mabonde matatu.

Enid alibisha kwangu Februari. Nikamfungulia, nikasema, "Oo Enid, karibu sana, chai iko tayari." Akanitazama. Nadhani alikuwa amejua tangu Desemba.

"Seth," akasema, "toka lini wewe ukaniambia karibu sana?"

Nikamgombeza saa moja na robo. Majirani watatu waligonga ukuta. Nilimwambia kuhusu bwawa, kuhusu koleo la baba, kuhusu mazishi ambayo chama kilituma kadi yenye jina limekosewa. Yeye anaandika tu. Nilipokwisha pumzi akasema, "Bwawa siwezi kulirudisha, sitakudanganya. Ila waliolifunga watakuja kuyasikia haya kwa masikio yao." Wakaja. Wanane, kwenye klabu ya wachimbaji, na Enid kasimama mlangoni ili asitoke mtu.

Ulipofika wakati wa kumchagua mgombea mpya, akaweka sharti ambalo halipo katika kitabu chochote cha chama: kila anayetaka, asimame katikati ya uwanja ule wa magari Jumamosi, saa nne mpaka saa sita, watu wamseme, naye asijibu neno. Watatu waliomba. Mmoja alijibu saa nne na dakika tano. Mwingine alienda garini "kuchukua mwavuli" na hatujamwona tena. Wa tatu, mwanamke muuguzi wa hapa hapa, alisimama saa zote mbili na mvua ikimtiririka shingoni. Huyo ndiye mbunge wetu tangu Julai, kwa ziada ya kura elfu moja mia moja na sita. Moja katika hizo mnajua ya nani.

Siku ile ya matokeo wote tulikuwa tunarukaruka. Ofisi ya mkoa ikapiga simu kumpa Enid kazi yake nzima. Akawaambia anastaafu Septemba, akakata.

Sasa niwaambie la juzi, kisha nikae. Tulikuwa tunapanga kadi upya ofisini, mtaa kwa mtaa, kwa uchaguzi wa halmashauri unaokuja. Nikafika kwenye kadi ya Njia ya Kinu namba ishirini na tatu, nyumbani kwake Enid. Sikufikiri hata kidogo. Nikaandika "wetu," nikaiweka chini ya rundo. Enid akainyanyua. Akaichukua kalamu mkononi mwangu, akalikata lile neno mistari miwili.

"Enid!" nikamwambia. "Wewe?"

"Umeniuliza?"

"Miaka arobaini na miwili, mama! Nikuulize nini?"

"Kura yangu imekuwa ikienda kwa posta kila mara, kwa sababu siku yenyewe nilikuwa nahangaikia kura za wengine," akasema. "Hakuna mtu wa chama chochote aliyewahi kubisha mlango wangu. Hata wewe. Mtakuja, mtauliza kama mnavyouliza watu, halafu nitafikiri."

Nikaitia kadi mfukoni. Iko hapa sasa hivi, na mahali pa jibu ni patupu.

Asante, Enid, kwa milango elfu sita na ule mmoja wa kwangu. Vua koti, mama. Kaa. Ossgill yote inakutakia siku njema na goti lisilouma. Jumatatu asubuhi, wala sijali kama uchaguzi uko mbali, nitakuwa Njia ya Kinu namba ishirini na tatu nabisha hodi, na sijui utanijibu nini.

Seth Barraclough, dereva wa gari la spika