Kaeni Kwanza, Bado Kuna Nyongeza: Mzee Saad Faridi Anapoishusha Maiki

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2018, Mzee Saad Faridi anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Sinema Tembezi Kigoma kwa miaka thelathini na miezi minne. Amefikisha miaka sitini, sheria imesema basi, na mwenyewe amekubali. Amekubali akiwa amesimama, maana kukaa kitini ni jambo ambalo mzee huyu hajalizoea tangu tumjue. Hata fomu za kustaafu alizijaza huku akiizunguka meza ya karani, mpaka karani akashikwa na kizunguzungu.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Agnesi Bonaventura, dereva wa gari lake na fundi wa jenereta lake kwa miaka kumi na sita. Wamesema niuandike mimi kwa kuwa namfahamu. Kumfahamu namfahamu! Shida ni kwamba wanataka mafanikio yaliyopangwa vizuri, na mimi kila nikianza kupanga, kalamu inanikimbilia kwenye Jumatano moja ya mwaka 2006. Nitajitahidi kufika huko polepole, ingawa upole sina.

Mzee Saad ni mtoto wa Ujiji. Aliajiriwa Machi 1988 kama kibarua wa kutundika shuka jeupe na kubeba mikanda ya filamu, ile iliyokuwa na ukubwa wa sinia la pilau. Mwaka uliofuata mtafsiri wetu aliugua malaria siku ya onyesho la filamu ya kipindupindu, na kijana Saad akaambiwa ashike maiki walau watu wasikie kwamba maji yachemshwe. Aliishika. Walioihitaji baada ya hapo wameikuta mkononi mwake hadi leo.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi hii: mtafsiri husimama pembeni ya shuka, sauti ya filamu hupunguzwa, na yeye anakuwa baba, mama, mwizi, polisi na mbwa. Wahusika wote huwapa majina ya hapa hapa. Kiingereza cha Mzee Saad ni cha kuungaunga, jambo ambalo hajawahi kulikiri hata mbele ya mkewe, Bi. Kuruthumu. Pasipoeleweka, anatunga. Kesi moja ya mauaji mahakamani aliigeuza kuwa ugomvi wa kurithi shamba la michikichi, na wavuvi wa Katonga wakatoa hukumu kwa sauti kabla hakimu hajafungua kinywa. Hakuna aliyelalamika. Kesi ya mzee ilikuwa tamu kuliko ya wenye filamu.

Alikuwa na sharti moja. Diski ikiingia kwenye deki, inachezwa mpaka tone la mwisho. Filamu ikiisha, anafungua nyongeza zote: vipande vilivyoondolewa, michoro ya awali, wachoraji wakieleza walivyofanya. Alisema mtu ametembea saa mbili na kigoda kichwani, ukimzimia nusu umemdhulumu. Basi watu wakianza kuinuka, yeye hupaza sauti kwamba kaeni kwanza, bado kuna nyongeza! Mtaa mzima wa Mwanga, ilipo ofisi yetu, wanamtania kwa maneno hayo. Kwenye harusi ya bintiye, waalikwa walipoanza kuaga baada ya pilau, aliyatamka kwa mazoea tu, watu wakakaa wakisubiri, na Bi. Kuruthumu ikabidi atoe halua aliyokuwa ameificha kwa ajili ya wakwe.

Haya. Sasa Jumatano yenyewe.

Miaka ile tulikuwa tunakwenda kambini kwa wakimbizi kila wiki. Onyesho lilikuwa saa saba mchana, ndani ya banda kubwa lililozibwa madirisha kwa maturubai, kwa sababu magari yote ya nje yalitakiwa yawe yametoka getini saa kumi. Siku hiyo tulipeleka katuni mpya, ya familia ya mashujaa. Baba ananyanyua daraja kwa mkono mmoja. Mzee Saad akambatiza Winchi, kama winchi la bandarini. Mama sauti yake inavuka milima saba. Huyo akawa Mama King'ora. Watoto wawili wanapenya ukutani, na kitindamimba, msichana mdogo, hana uwezo wowote bado. Banda lilijaa mpaka watu wakaning'inia kwenye nguzo. Walicheka, walipiga makofi, na Winchi alipookoa mji nilisikia vifijo mpaka nje kwenye jenereta.

Kisha zikaja nyongeza. Kipande cha kwanza kilichoondolewa kilikuwa michoro mitupu ya penseli, haina hata rangi. Mafuriko yamekuja, familia iko juu ya chelezo, chelezo kimejaa kinataka kuzama. Mama King'ora anampokeza kitindamimba kwa jirani aliye juu ya paa, na chelezo kinakwenda zake. Mchoraji alikuwa anaeleza kwa Kiingereza cha haraka. Mzee Saad hakuambulia kitu. Akafanya alichozoea, akatunga. Akasema jamani mwaona mama huyu, sauti ya kuvuka milima anayo, lakini mwanawe kamsahau kama mwavuli! Banda likaangua kicheko. Wakati huo huo askari wa geti akagonga gari langu, saa kumi kasoro dakika tano. Nikampungia mzee. Na kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika utumishi wake, Mzee Saad akazima deki kabla diski haijaisha.

Mimi niliyekuwa nje ndiye niliyemwona mwanamke mmoja akitoka wakati wengine bado wanacheka. Kigoda chake alikiacha ndani. Nilidhani anaumwa tumbo.

Ijumaa asubuhi mwalimu Heritier, Mkongo aliyekuwa akitutunzia banda lile, alitokea ofisini Mwanga na kibali cha siku moja mfukoni. Hakukubali hata chai. Alisema yule mwanamke ni Mama Elida, mtu wa ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2002, walipokimbia vita, mtumbwi ulijaa na mwenye mtumbwi akasema hata mtoto mmoja haongezeki. Mama Elida alishika wawili wachanga, na yule mkubwa, Ritha, mwenye miaka mitano, akampokeza jirani pale ufukweni waje na mtumbwi wa pili. Mtumbwi wa pili haukufika Kibirizi, bandari yetu ndogo ya huku Kigoma. Mama Elida aliona aibu iliyomziba mdomo. Alipoandikishwa kambini alisema ana watoto wawili, na kwa miaka minne hakulitaja jina la Ritha kwa mtu yeyote, hata kwa wale wanaotafuta watoto waliopotea. Jirani yake kambini ndiye aliyemwambia Heritier, maana baada ya sinema Mama Elida alivunjika akasema yote. Alisema hata katuni zinamjua. Alfajiri ya Ijumaa hiyo alikuwa ametoroka kambini, amewaacha wadogo kwa jirani huyo, amekwenda Kibirizi kutafuta boti ya kumrudisha ng'ambo, na huko bado bunduki zilikuwa zinalia.

Jamani, sijawahi kumwona Mzee Saad akikaa chini isipokuwa siku hiyo. Alikaa sakafuni. Kisha akaruka kama aliyeungua, akachomoa ile diski, akaitia kwenye deki ya ofisi. Alitaka kujua aliwazimia watu nini. Na hapo, mbele yangu na ya karani, akasema kwa mdomo wake kwamba yeye Kiingereza hakijui.

Heritier naye hakukijua, lakini Kifaransa anakisoma, na diski ile ilikuwa na maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Akatusomea. Kumbe kipande kile kilikuwa na mwendelezo. Chelezo kinapofika nchi kavu, Mama King'ora anarudi ukingoni na kuita jina la mwanawe, anaita siku mbili, mpaka ile sauti ya kuvuka milima inakauka na kubaki sauti ya mtu wa kawaida. Na kwa sauti hiyo hiyo ya kawaida anaendelea kuita. Wachoraji walisema waliviondoa vipande vyote viwili kwa kuwa ni vizito kwa watoto, na kwamba waliumia sana kuviondoa. Mzee Saad alisikiliza huku akijipiga paji la uso. Hakungoja Heritier amalize. Alikuwa ameshaanza kupakia spika.

Niliendesha siku hiyo kwa namna ambayo wakubwa hawapaswi kuisoma, kwa hiyo siiandiki. Kibirizi tulimkuta Mama Elida amekaa kati ya magunia ya dagaa, kajitanda kitenge, anangoja boti ya kwenda Baraka, ng'ambo ya ziwa, itakayotoka mchana. Mzee Saad alimwamkia, akajitambulisha, na mama yule akageuza uso. Kwa nini asigeuze? Mzee hakumbembeleza. Alinifanyia ishara, nikawasha jenereta, akaiweka televisheni ya ofisini juu ya boneti, akashika maiki. Wapagazi wakashusha mizigo, wachuuzi wakaacha kupimiana dagaa, kila mtu akajua leo Kibirizi kuna sinema ya bure.

Alianza kwa kuomba radhi. Alisema mbele ya soko zima kwamba Jumatano alimsingizia mama wa watu kuwa amemsahau mwanawe, na kwamba alisema vile kwa kuwa hakuelewa alichokiona na aliona haya kukiri. Akasema aliyesahau ni yeye Saad, kasahau kumaliza. Kisha akacheza vile vipande viwili, Heritier akimnong'oneza Kifaransa sikioni, na yeye akitafsiri neno kwa neno bila kuongeza chumvi hata chembe. Ndiyo tafsiri fupi kuliko zote alizowahi kufanya. Wapagazi, watu ninaowajua kwa matusi, walivua kofia.

Mama wa penseli alipoanza kuita, Mama Elida alisimama. Alikuja mpaka kwenye gari akanyoosha mkono, na Mzee Saad, ambaye hata mimi hajawahi kuniachia maiki nipime sauti, akampa. Mama Elida akageukia ziwani. Akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Ritha! Ritha, mutoto wangu, mama yako niko hapa!" Mara ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Ya pili ilifika kwenye boti zilizotia nanga. Ya tatu mimi nilikuwa nimeshika spika nalia, kwa hiyo sijui ilifika wapi.

Boti ya Baraka iliondoka bila yeye. Iliondoka na jina. Nahodha alilirudia mara mbili ili asilikosee, akaahidi kulitaja kila anapotia nanga, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Jioni ile tulimrudisha Mama Elida kambini kwa wanawe, na Jumatatu akaenda mwenyewe kuandikisha mtoto wa tatu.

Tangu hapo nyongeza zetu zikabadilika. Kila filamu inapoisha, iwe ya kilimo, ya ukimwi au ya mapigano, diski ikishatoa vyote vyake, Mzee Saad husoma majina ya wanaotafutwa. Mnataka mafanikio, haya hapa: watu kumi na mmoja wamepatikana kwa majina aliyoyasoma. Mzee mmoja aliyeitwa Amosi alimpata mdogo wake Katonga, walikuwa wakinunua samaki meza moja kwa miaka mitatu bila kutazamana. Waliokuja na wimbi la wakimbizi la mwaka 2015 wameongeza majina yao, na orodha sasa inasomwa kwa dakika kumi na mbili. Jina la kwanza ni lile lile. Ritha hajapatikana. Siku za boti za ng'ambo, Mzee Saad bado anakwenda Kibirizi kwa visingizio vya dagaa, anaangaza uso wa kila binti anayeshuka. Dagaa kwao zimejaa mpaka chini ya kitanda, Bi. Kuruthumu ni shahidi.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, godoro au saa ya ukutani, alijibu akiwa anatembea kwamba anataka orodha isinyamaze. Akaniangalia mimi. Mimi! Sauti yangu ni ya jenereta lililokosa oili. Nilikataa Jumatatu, nikakataa Jumanne, na Jumatano Mama Elida akanitumia salamu kutoka kambini kuniuliza kama nimeshaanza mazoezi. Nimeanza. Nafanyia ndani ya gari, vioo vimefungwa, na watu wa Mwanga wanadhani nagombana na usukani.

Mzee Saad, shikamoo. Umetufundisha kwamba mtu mzima akikosea hadharani husahihisha hadharani, na tunakushukuru wewe pamoja na familia yako iliyotuazima wewe kwa miaka yote hii. Nenda Ujiji, kahawa ikukute ikiwa ya moto, bao likupe ushindi, na Bi. Kuruthumu apate kamba ya kukufunga kitini walau adhuhuri moja. Kila la heri, mzee wetu, na maisha marefu yenye utulivu, ukiuweza.

Na ninyi mlioanza kukunja karatasi hii mkitazama upande wa pilau, kaeni kwanza. Bado kuna nyongeza, na leo naisoma mimi.

Anatafutwa Ritha, binti wa Elida. Alionekana mara ya mwisho mwaka 2002 ufukweni, upande wa Kongo, akiwa na miaka mitano, gauni la njano, kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Sasa ana miaka ishirini na mmoja. Huenda anadhani alisahauliwa. Yeyote atakayemwona amwambie hivi: hukusahauliwa hata siku moja. Mama yako yuko hapa.