Kefa Nzowa, Mtu wa Ndoo za Mbeya

Wasifu huu umesomwa kaburini na Barnaba, kaka wa mjane.

Marehemu Kefa Nzowa alizaliwa Igamba tarehe 9 Aprili 1912, mtoto wa tatu wa Mzee Rubeni. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la pili, njaa ikamtoa.

Mwaka 1938 aliingia Mbeya, makao makuu ya jimbo, mji wenye kujisifu kwa maua yake na mabati mapya. Kefa aliuona kwa mlango wa nyuma. Kazi yake ilikuwa kutoa ndoo za vyoo vya Uzunguni na Uhindini, kinyesi cha wakubwa kikimchirizikia begani hadi shimoni nje ya mji. Wale wale waliozijaza walifunga madirisha akipita. Nyani haoni kundule! Na makarani wetu, weusi kama sisi, walitema mate. Mji ule unatia kinyaa, na si kwa sababu ya ndoo.

Yeye alishika adabu ya kwao: mkubwa hasalimiwi mzigo ukiwa begani. Asubuhi moja alimkuta karani mmoja, Danford, mzaliwa wa Igamba hii hii, akienda kanisani. Akatua ndoo miguuni pake, akachuchumaa, akapiga makofi ya salamu.

“Shikamoo, baba. Nyumbani wameamkaje?”

“Ondoa hiyo, we!”

“Nikikusalimu nayo begani, baba, si utasema sikufundwa?”

Karani alikimbia, kiatu kimoja kikabaki barabarani.

Mwaka 1941 alimwoa Felista binti Ambilikile, wa Ileje. Shangazi za bwana harusi walimuuliza harufu ataiwezaje. “Anaoga kuliko nyinyi,” aliwajibu.

Mwaka 1954 aliugua tumbo, akarudi nyumbani akitamani jambo moja tu: kula na ndugu zake sahani moja. Walimtengea bakuli lake nyuma ya jiko. Ni ugonjwa, walisema. Lakini hata alipokuja likizo akiwa mzima alilishwa huko huko. Alifariki tarehe 3 Juni 1955 bila kuionja sahani hiyo. Waliotakiwa kumwosha wakakumbuka ng'ombe wao, na Felista alimwosha peke yake.

Ameacha mjane, watoto wawili, Nesta na Luka, na ndugu wengi, ambao sasa hivi wamebana pua kwa leso mbele ya jeneza linalonukia sabuni.

Mjane anatangaza: ugali wa msiba umepakuliwa sinia moja, na wa kwanza kutia mkono ni yeye aliyemwosha. Anayeona kinyaa, njia ya kwake anaijua.

Kefa, lala kwa amani.