Nezu Iwakichi na Micheri ya Chunguni ya Ogusawa (1908–1979)

Kasisi wa hekalu letu, ndugu, na majirani wote wa Ogusawa: mimi ni Shinkichi, mpwa wa marehemu niliyeishi naye nyumbani kwake. Kusema mbele za watu sikuzoea, kwa hiyo nitasoma kama nilivyoandika.

Nezu Iwakichi alizaliwa tarehe 11 Machi 1908 hapa Ogusawa, mkoani Saitama, akiwa mtoto wa tatu wa Nezu Yasubei na mkewe Tome. Baba yake aliuza miche, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa fimbo. Mama yangu, Sute, ambaye ni dada wa marehemu, alisimulia kwamba Iwakichi akiwa na miaka saba alimkuta baba yao aking'oa mche wa mcheri ulioota wenyewe kando ya kisima. Alimng'ata mkononi mpaka damu ikatoka. Alipigwa kwa mwanzi hadi mwanzi ukapasuka, na mche uling'olewa vilevile.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1914 hadi 1920. Hesabu alizijua. Mwaka wa mwisho alimvunja pua mtoto wa mkuu wa kijiji, na cheti chake kikaletwa nyumbani na tarishi ili asionekane kwenye sherehe ya kufunga shule.

Mwaka 1921 alipelekwa Tokyo, mtaa wa Hongo, kujifunza bonsai, yaani kukuza miti midogo chunguni, kwa Bwana Usuda. Yule bwana alifundisha kwa mpini wa koleo. Mwanafunzi akiukaza waya wa kukunjia tawi mpaka gome likachubuka, naye alichubuliwa palepale. Tetemeko kubwa lilipokuja tarehe 1 Septemba 1923 na moto ukaanza kula mtaa baada ya mtaa, Iwakichi alimbeba mgongoni mama mzazi wa Bwana Usuda, akakimbia naye katikati ya watu waliokuwa wakikanyagana, nywele za wote wawili zikiungua. Alipomfikisha salama, Bwana Usuda alimzaba kofi.

"Misonobari yangu umeiachia nani? Bi mkubwa ana miguu!"

"Anayo, bwana, lakini hajaitumia tangu mwaka juzi."

Akazabwa la pili. Mjomba alipenda kuisimulia habari hiyo, na kila mara alicheka mwenyewe kabla hajafika mwisho.

Alirudi Ogusawa mwaka 1928 na kuchagua micheri, mti ambao wakuza bonsai wengi waliukwepa. Msonobari unavumilia kukatwa. Mcheri ukikatwa ovyo, jeraha linaoza kuelekea ndani, na tawi zima linakufa mwaka unaofuata. Marehemu alikata kidogo, akasawazisha jeraha kwa kisu kikali na kulipaka dawa nzito siku hiyohiyo. Waya aliuvisha karatasi kwanza. Matawi aliyakunja mwezi Juni, yakiwa bado laini, kwa sababu baadaye yanavunjika kwa mlio ambao yeye alisema unamuuma kwenye meno. Maua yalipokwisha aliyachuma yote ili mti usipoteze nguvu kwa mbegu, kisha akautoa kwenye chungu na kuikagua mizizi. Alikuwa akitafuta vinundu. Nyinyi nyote mnajua vinundu ni nini. Ni ugonjwa usio na tiba. Kisu kilichokata kinundu kinauhamishia kwenye mzizi wowote kitakaougusa baadaye.

Wakati wa vita polisi walikuja kumwuliza kwa nini anafuga maua wakati watu wana njaa. Aliwajibu vibaya. Walimpiga kwa upanga wa mti akapoteza meno mawili, na micheri akaificha katikati ya matuta ya viazi.

Alimwoa Kiyo, binti wa mkuza miche wa kijiji cha ng'ambo ya mto, tarehe 4 Aprili 1934. Bibi harusi alifika kwa mkokoteni akiwa amepakata mcheri wa chunguni, zawadi ya baba yake. Mvua ya mawe ilianza palepale langoni. Bwana harusi alitoka mbio, akauchukua mti, akauingiza ndani, halafu akamrudia bibi harusi. Kiyo alimwambia, akiwa ameloa chapachapa, "Sasa nimejua nani mke mkubwa hapa." Maisha yote aliutunza mti ule mwenyewe, na vikonyo vya kubebeshea miche yetu yote, yaani vijitawi vya kuunganishwa juu ya shina la mche mwingine, vilikatwa humo. Mtoto wao wa pekee, Mitsuo, alizaliwa mwaka 1936.

Jambo linalofuata nyote mnalijua, lakini marehemu aliagiza lisomwe lote.

Hapa Ogusawa kubebesha miche kulifanywa kwa zamu. Kila Februari vijana walikwenda uwanja baada ya uwanja, kila mmoja na kisu chake, wakipunguza mizizi ya miche na kufunga vikonyo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Asubuhi moja ya Februari 1956 Mitsuo aliona mti wa mama yake umedumaa. Akautoa kwenye chungu, akakuta vinundu. Sheria ilikuwa kuuchoma. Hakuweza. Alivikata vinundu, akaosha mizizi, akaurudisha mti chunguni bila kumwambia mtu, kisha akafuta kisu kwa kitambaa na kwenda kwenye zamu. Aliamini kwamba kisu kikifutwa kimesafishika.

Machi ya mwaka uliofuata, miche ilipong'olewa ipelekwe sokoni, mizizi ilikuwa imejaa vinundu katika viwanja saba. Jioni hiyo Mitsuo alimwambia baba yake. Marehemu alimpiga ngumi akaanguka kutoka barazani, akamfuata chini akaendelea kumpiga, mpaka Kiyo alipomshika mguu na kukataa kuuachia. Asubuhi marehemu alikwenda mwenyewe kwa Bwana Sekiguchi Heita, kiongozi wa wakuza miche, akasema, "Kisu ni cha mwanangu."

Kabla ya saa sita mchana watu walikuwa langoni kwetu na majembe.

"Mlete mwanao, Nezu!"

"Nimeshampiga. Aliyebaki na hamu aanze na mimi."

"Usijifanye ukuta, wewe! Miche yangu ya miaka mitatu inaoza!"

"Basi piga, Sekiguchi. Unangoja chai?"

Walipiga. Walimvunja mtulinga na mbavu, na sikio lake la kushoto halikusikia tena tangu siku hiyo. Kila alipoanguka alijivuta na kujilaza tena kwenye kizingiti cha lango, na aliyetaka kuingia ilimbidi amkanyage. Wengine walimkanyaga. Vyungu vilipondwa kwa majembe, micheri ikakatwa na kurundikwa, moto ukawashwa. Mti wa Kiyo ulipobaki peke yake, yeye mwenyewe aliubeba akautia motoni. Hakutaka mkono mwingine uuguse. Mitsuo hakuguswa na mtu.

Usiku ule mkutano ulikata shauri: nyumba ya Nezu itengwe. Hakuna salamu, hakuna zamu, hakuna kuuziana wala kualikana, isipokuwa kwa mambo mawili ambayo desturi hairuhusu kumnyima mtu, yaani moto na mazishi. Mitsuo alipanda treni kwenda Nagoya. Alimwambia baba yake kwamba hatarudi kuishi mahali ambapo hata mbwa anaitwa jina na yeye hasalimiwi. Tangu siku hiyo mjomba alitaka jambo moja tu: mwanawe asalimiwe Ogusawa.

Ardhi aliipumzisha kwa miaka, akilima vitunguu. Baadaye alipata matawi ya mcheri mfupi kutoka milimani, na kwa kuwa hakuna aliyempa miche ya kubebeshea, aliyachomeka mchangani akayafunika yasikauke. Mengi yalikufa. Yaliyoshika mizizi ndiyo wazazi wa micheri iliyoko uwanjani leo. Kisu chake alikipitisha kwenye moto baada ya kila mti, hata alipokuwa akifanya kazi peke yake, na hakukuwa na mti wa jirani wa kuambukiza.

Kiyo alifariki tarehe 9 Januari 1966. Mlikuja nyote. Mlipika, mlibeba, mliinama mbele ya picha yake. Kesho yake mjomba alimsalimu mtu barabarani, na yule mtu akatazama mtaro.

Mwaka 1969 ghala la Bwana Sekiguchi lilishika moto. Marehemu alifika wa kwanza na shoka. Alivunja ukuta, akamburuta nje kwa kola Bwana Sekiguchi aliyekuwa amelewa moshi, akarudi kufungua ng'ombe, na boriti ikamwangukia ikamchoma mikono yote miwili. Alirudi nyumbani ngozi inaning'inia, akicheka.

"Shinkichi, Sekiguchi kaniita mpumbavu!"

"Na wewe unafurahi, mjomba?"

"Kasema, 'Maji upande huu, mpumbavu wewe!' Miaka kumi na miwili hajaniita kitu chochote."

Kesho yake Bwana Sekiguchi alipita langoni kwetu kimya. Ilikuwa desturi, na moto ulikuwa umezimika.

Mwezi wa Mei 1977 alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukafa. Hospitalini alimrushia daktari bakuli la uji, akarudishwa nyumbani mapema. Alivisha matawi waya kwa mkono mmoja na meno yaliyobaki, na damu ya ufizi mara nyingi ilidondokea kwenye udongo wa chungu.

Kiangazi kilichopita aliniita.

"Nikifa watakuja."

"Nani, mjomba?"

"Wote. Sekiguchi atatangulia, anapenda kupanga watu mistari. Wewe ndiye utasoma."

"Mimi sauti yangu, mjomba, hata kuku hanisikii."

"Mazishini watu wananyamaza, bwege wewe. Nong'ona tu, watakusikia."

Tarehe 19 Oktoba 1979 kimbunga kilifika alasiri. Niliporudi kutoka kufunga milango ya ghala, nilimkuta ameshatoka nje kuteremsha vyungu kutoka kwenye rafu zake, kimoja kimoja, kwa mkono mmoja. Nilimwita. Hakusikia, au hakutaka kusikia. Bati liling'oka kwenye paa likampiga shingoni, na rafu ikamwangukia pamoja na vyungu. Alikata roho mikononi mwangu kabla sijamfikisha mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Ameacha mwana mmoja, Mitsuo, aliyefika juzi kutoka Nagoya na ambaye sasa ameketi hapa mbele yenu; mkwe wake, Yasue; wajukuu wawili, Kazuo na Natsumi; dada yake, Sute; na mimi mpwa wake. Micheri iliyonusurika kwenye kimbunga ni ya Mitsuo, na amekubali kubaki kuitunza.

Ujumbe wa marehemu kwenu ni huu, nausoma kama alivyouagiza: "Mlikuwa na haki ya kukasirika. Mimi nililipa kwa mifupa, Kiyo alilipa kwa mti wake na kwa miaka tisa ya ukimya. Deni halikuwa la mtoto peke yake. Leo mmekuja kwa sababu ya desturi, nawashukuru. Kesho desturi itakuwa imekwisha."

Kesho asubuhi, baada ya majivu kuwekwa kaburini, Mitsuo atafagia mbele ya lango, na atamsalimu kila atakayepita. Marehemu anaomba aitikiwe.

Nezu Iwakichi, lala salama, mjomba, pasipo na wa kugombana naye.