Dada Aliyetafuta Kifungo Kilichokosekana

Ndugu zetu, majirani, na ninyi mliofika kutoka maabara, sogeeni karibu kidogo, maana sauti yangu leo si ya kutegemewa.

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Alifuatiwa na kaka yetu, kisha mimi ninayesoma, kitinda mimba.

Nyumba yetu iliogopa kiu. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu utotoni. Mwaka 1969 kaka, akiwa na miaka mitano, alianza kunywa maji bila kutosheka. Alikonda, na wiki tatu baadaye tukamzika. Mwaka uliofuata dada naye akaamka anaomba maji, akamaliza kikombe, akaomba tena. Mama hakungoja kikombe cha tatu. Alimbeba mgongoni mpaka hospitali, mtoto mkubwa wa miaka tisa, miguu inaburuzika. Tangu siku hiyo marehemu alijichoma sindano ya insulini kila siku kwa miaka hamsini na minne.

Alisoma sekondari ya bweni kuanzia 1975 hadi 1980. Akiwa kidato cha pili alilalia dawati katikati ya somo, na mwalimu akadhani ni uvivu. Mpishi wa shule, aliyekuwa akipita dirishani, akaona jasho la mtu ambaye sindano imemshusha sukari kupita kiasi. "Mwalimu, huyo halali, huyo anakufa!" Akaingia bila hodi, akampaka sukari kwenye fizi mpaka akafumbua macho. Baada ya hapo dada hakutoka bila sukari mfukoni, na sisimizi wakamjua kuliko walimu.

Mwaka 1985 aliajiriwa kwenye maabara ya chuo kikuu, akabaki huko miaka thelathini na mitatu. Huko alikutana na shemeji yetu, fundi wa majokofu, aliyeitwa kutengeneza jokofu la dawa, lililotunza pia insulini yake. Dada alimsimamia kama askari. "Ukikosea hapo, umeniua," alimwambia. Shemeji alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. Walifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1990. Kwa hofu ya jokofu kuharibika, bwana harusi alihamia na majokofu matatu.

Binti yao alizaliwa 1993. Dada alimpenda kwa kumchunguza: kanywa vikombe vingapi, kaenda chooni mara ngapi. Mtoto akajifunza kutokunywa mbele ya mama yake. Jumamosi moja mwaka 2001 dada alimkuta nyuma ya nyumba, mdomo kwenye bomba.

"Nina kiu ya kawaida tu, mama," mtoto akasema kabla hajaulizwa.

Dada hakumgombeza. Alikaa chini palepale kwenye tope, akampakata. Walipompima, sukari ilikuwa juu. Ndipo alipotuambia kwamba hatangoja tena watu wengine wautafute ugonjwa wetu.

Kazi yake ilihusu vimeng'enya, yaani vile vitenda kazi vidogo ndani ya seli. Nilipomwuliza vinafanya nini hasa, alinifungua shati mezani, akalifunga kombo. Alisema protini hutengenezwa kama uzi mrefu, na uzi hauna kazi mpaka ukunjike kwa umbo lake. Baadhi hushikizwa umbo hilo na vifungo vya salfa, viwili viwili. Kimeng'enya hufunga, na kikiona kifungo kimeingia tundu lisilo lake, hufungua na kufunga upya. Kikichoka, kipo kingine cha kukirudishia nguvu. Insulini ina vifungo vitatu tu. "Vitatu, mdogo wangu," alisema. "Na mkono unaovifunga haujawahi kuwa mvivu."

Mwaka 2008 alipata jibu kutoka kwenye damu yake na ya binti yake. Katika jeni ya insulini ya ukoo wetu, yaani maelekezo ya mwili ya kuitengeneza, kipande kimoja chenye salfa kimebadilika, na mwenzake amebaki bila wa kushikana naye. Aliyaweka maelekezo hayo kwenye seli za maabara, akazitazama kwa hadubini siku kadhaa. Aliporudi nyumbani mchana, hakula.

"Nimewaona," akamwambia mumewe.

"Umewaona nani?"

"Wanaotuua. Uzi unashikana ovyo, unarundikana, seli inavimba mpaka inakufa. Na fundi wa vifungo yumo humohumo ndani, anafunga, anafungua, anafunga tena. Hajui kwamba kifungo hakipo."

Shemeji alimwuliza kama dawa itapatikana. Akajibu, "Sijui. Naogopa kujua kiasi hiki halafu nisijue hilo."

Hakuipata. Lakini kwa kipimo alichokitengeneza kutokana na jibu lile, watoto kumi na wawili wa familia nyingine walitambuliwa mapema, wakaanza sindano kabla ya kuzidiwa. Baadhi yao wamesimama hapa, watu wazima.

Figo zake zilishindwa mwaka 2019, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwezi uliopita alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, nimechoka kuwa jasiri. Naogopa." Nami nikamwambia nililolificha tangu utotoni: kwamba mimi niliyeachwa mzima nimeishi nikiogopa kumtazama. Akanivuta karibu. "Mjinga wewe. Mmoja alipaswa kubaki wa kunisomea wasifu." Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume; binti mmoja, ambaye asubuhi hii amejichoma sindano yake ndipo akavaa nguo nyeusi; mimi mdogo wake; na mjukuu anayetarajiwa Oktoba, ambaye hakuna anayejua amerithi nini. Tunamwogopea, na tunamsubiri kwa hamu.

Dada, lala salama. Hofu tumeipokea sisi.