Dakika Arobaini za Verla Tveit: Risala ya Madereva wa Malori ya Nyuki

Mgeni rasmi, Bi. Imelda Quarles, Naibu Mkurugenzi wa Usalama wa Malori, Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Gackle, wafugaji nyuki, na ninyi wake, waume na watoto mnaotuvumilia:

MAKARIBISHO

Tumefurahi mpaka tunashindwa kutulia vitini! Miaka tisa tumeandika barua, na kila jibu lilisema barua imepokelewa. Leo umekuja mwenyewe, na viatu vyako vimeshapata matope ya kwetu. Karibu sana. Akina mama wa kanisa wamepika viazi na nyama ya kusaga vya kulisha jeshi zima. Tafadhali usituaibishe, pakua mara mbili.

SISI NI NANI

Tuko madereva thelathini na mmoja. Kila majira ya baridi tunawapeleka nyuki California kwenye mashamba ya milozi, na kila Mei tunawarudisha hapa Dakota Kaskazini. Lori moja hubeba mizinga zaidi ya mia nne. Likitembea, upepo unawapoza nyuki. Likisimama juani, wanakufa.

TUNAYOJIVUNIA

Tangu mashine ya kuhesabu saa za kazi ifungwe kwenye malori yetu, hatujapata ajali hata moja. Tunalisema wazi, ingawa Orrin, yule pale nyuma anayeangalia dari, alitaka sentensi hii ifutwe. Zamani tulijaza daftari kwa kalamu, na kalamu zetu zilidanganya. Mwenzetu Delmar Fiske alisinzia akiendesha, na tukamzika. Hatutaki kurudi huko.

CHANGAMOTO

Ukianza kazi, mashine inakupa saa kumi na nne. Barabara ikifungwa, unaongezewa mbili tu. Zikiisha, ni lazima upumzike kwa saa kumi, popote ulipo.

Mei iliyopita Verla Tveit, dereva mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita, alikuwa akivuka Nevada. Ajali ya watu wengine ikafunga barabara kwa saa tano. Kulikuwa bado na baridi ya alfajiri. Nyuki walitulia, naye akalala usingizi wa kukoroma. Njia ilipofunguliwa akaondoka. Adhuhuri saa zake zikaisha, akaingia kituo cha mafuta kisicho na kivuli. Kufika mlimani kwenye ubaridi kulibaki mwendo wa dakika arobaini. Akamwendea askari wa barabarani aliyekuwa pale, kumwomba ruhusa.

"Mama, huwezi kuondoka," askari alimwambia. "Saa zimekwisha."

"Nimelala saa tano kwenye foleni, baba. Hebu niangalie macho! Haya yana usingizi?"

"Mimi nakuamini. Mashine ndiyo haikuamini. Nikikuachia, kazi sina."

"Basi njoo uwaambie nyuki wapumzike saa kumi!"

Askari alicheka. Kisha akaona nyuki wakimiminika chini ya wavu uliofunika mizinga, akaacha kucheka. Alivuta mpira wa maji wa kituo, akamwagilia mizinga pamoja na Verla mpaka jua likazama. Aliumwa mara kumi na saba, wala hakuondoka. Hata hivyo, nyuki wa mizinga mia tatu walikufa.

Verla alirudi nyumbani, akaweka funguo mezani. "Wamekufa mikononi mwangu, na mimi nimekaa tu," alituambia. Mwaka mzima hakugusa usukani.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi kuendesha mpaka tusinzie. Tunaomba barabara ikifungwa, saa zisimame pamoja nasi. Tunaomba aliyebeba viumbe hai aruhusiwe kufika penye ubaridi, kisha apumzike. Na tunaomba vituo vyenye kivuli na maji.

HITIMISHO

Hapa naongeza mwenyewe, kamati haijui. Jumatatu Verla aliposikia unakuja, alitoka akaliosha lori lake. Kesho saa kumi na mbili asubuhi anakwenda California kuchukua nyuki. Yumo humu ukumbini, ameketi karibu na mlango. Simama, Verla, wakuone!

Mgeni rasmi, kiti cha pili kwenye lori lake kiko wazi. Tunakuomba upande, uende naye.

Mungu akulinde njiani, akujalie afya na masikio yasiyochoka.

Ni sisi,
Umoja wa Madereva wa Malori ya Nyuki, Gackle

Imesomwa na Harlan Bjugstad, Katibu